Tanzia katika Chapa za Mbao: Picha za Tamthilia za Kabuki nchini Japani

Utangulizi

Neno tanzia lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa maana yake ya awali, ambayo hadi leo husikika redioni na kusomwa magazetini, tanzia ni tangazo la kifo: jina la marehemu, jamaa zake, mahali msiba ulipo na siku ya mazishi. Kwa maana ya pili, iliyoenezwa na wahakiki wa fasihi katika nusu ya pili ya karne ya 20, tanzia ni tamthilia ambayo mhusika wake mkuu hupatwa na anguko au mauti na kuwaacha watazamaji katika simanzi. Wanafunzi wengi hufundishwa maana hii ya pili kana kwamba haina udugu na ile ya kwanza. Husimuliwa habari za Aristotle, Sophocles na Shakespeare, kisha huonyeshwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuwa ni mfano wa tanzia katika Kiswahili. Tangazo la kifo huachwa nje ya darasa.

Ipo sanaa moja ya mbali ambamo maana hizo mbili zilikutana juu ya karatasi moja. Hiyo ni sanaa ya picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao nchini Japani, hususan zile zilizoonyesha matukio ya huzuni katika tamthilia za kabuki, tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi picha hizo zilivyotengenezwa, zilivyouzwa na zilivyodhibitiwa na watawala, na zaidi ya yote kuchunguza ni dakika ipi ya msiba waliyoichagua wachoraji. Hoja ya msingi ni kwamba picha zilizo bora miongoni mwake huonyesha, badala ya kifo chenyewe, mtu aliyekwisha kujua yatakayompata na ambaye hana tena njia ya kurudi nyuma. Zilikusudiwa watu ambao, kama wasikilizaji wa tangazo la msiba, habari walikuwa nayo tayari. Walichohitaji ni kuwa miongoni mwa waombolezaji.

Kabuki na mgongano wa wajibu na utu

Chimbuko la kabuki huhesabiwa kuwa mwaka 1603, pale Okuni, mwanamke aliyehusishwa na hekalu kuu la Izumo, alipocheza ngoma na michezo mifupi mjini Kyoto. Wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, na wavulana mwaka 1652, watawala wakidai kwamba maonyesho yao yalichochea ukahaba na ugomvi. Tangu hapo nafasi zote ziliigizwa na wanaume watu wazima, na wale waliobobea katika nafasi za kike waliitwa onnagata. Katika mji wa Edo, ambao leo unaitwa Tokyo, kumbi kubwa zilizokuwa na leseni kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 zilikuwa tatu tu: Nakamura-za, Ichimura-za na Morita-za.

Tamthilia nyingi za huzuni zilizopata umaarufu katika kabuki ziliandikwa kwanza kwa ajili ya maonyesho ya vikaragosi mjini Osaka. Huko ndiko Chikamatsu Monzaemon (1653–1725) alikoandika mwaka 1703 mchezo kuhusu karani wa duka la mchuzi wa soya na kahaba aliyempenda, ambao walikufa pamoja katika msitu wa Sonezaki. Kisa hicho kilikuwa cha kweli, na mchezo ulionyeshwa takriban mwezi mmoja tu baada ya vifo hivyo. Kwa maneno mengine, tamthilia ilianza kama tanzia kwa maana ya kwanza: habari ya msiba iliyokuwa bado midomoni mwa watu.

Kiini cha tamthilia hizo ni mgongano kati ya mambo mawili ambayo Wajapani waliyaita giri na ninjō. Giri ni wajibu: deni ambalo mtu analo kwa bwana wake, mzazi wake, mwalimu wake au jamii yake. Ninjō ni hisia za kiutu: huba, huruma, uchungu wa mzazi kwa mwana. Mhusika wa kabuki hupondwa katikati ya mawe mawili, na mara nyingi hana kosa analoweza kulaumiwa kwalo. Hapa ndipo tanzia ya Kijapani inapoachana na kanuni ya Aristotle kuhusu kosa la mhusika. Mhusika huyo anaijua haki yake na anaujua wajibu wake, na vyote viwili haviwezi kutimizwa katika maisha ya mtu mmoja.

Kazi ya mikono minne

Picha za chapa ya mbao hazikuwa kazi ya msanii mmoja aliyejifungia chumbani. Aliyeongoza kazi alikuwa mchapishaji, mwenye mtaji na duka, aliyeamua ni mchezo gani na mwigizaji gani angeuzika. Mchoraji alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri, akachonga na kuondoa sehemu zote zisizokuwa na mstari, hata mchoro wa asili ukaangamia katika kuzaliwa kwa kibao. Hatimaye mpiga chapa alipaka rangi za maji kwenye kibao, akalaza juu yake karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, na kuisugua kwa kisugulio cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi.

Picha za mwanzo zilikuwa za rangi nyeusi tu, nyingine zikiongezewa rangi kwa mkono. Waanzilishi wa picha za waigizaji walikuwa ukoo wa Torii, ambao pia ulichora mabango ya kumbi; Torii Kiyonobu (1664–1729) alijulikana kwa miili yenye misuli iliyotuna na mistari yenye nguvu. Mwaka 1765, katika kazi za Suzuki Harunobu, ndipo picha za rangi nyingi zilipokamilika. Kila rangi ilikuwa na kibao chake, na alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni ziliiongoza karatasi ikae mahali pale pale kila ilipolazwa. Baada ya hapo Katsukawa Shunshō (1726–1793) na wanafunzi wake waliziacha sura za jumla na kuanza kuchora uso wa kila mwigizaji kama ulivyokuwa, kiasi kwamba mnunuzi aliweza kumtambua bila kusoma jina.

Ni muhimu kusisitiza kuwa picha hizi zilikuwa bidhaa za bei nafuu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, picha moja ya ukubwa wa kawaida, yaani takriban sentimeta 39 kwa 26, ilikaribiana kwa bei na bakuli la tambi. Walionunua walikuwa makarani, mafundi, wake wa wafanyabiashara, watumishi wa nyumbani na wageni waliotaka kurudi kwao na zawadi ya mjini. Aidha, mjini Edo picha nyingi zilitolewa mchezo ulipokuwa unaanza, na wakati mwingine kabla haujaanza, mchoraji akitegemea matangazo na ujuzi wake wa jinsi mwigizaji fulani alivyozoea kusimama. Kwa hiyo picha haikuwa lazima iwe kumbukumbu sahihi ya kilichotokea jukwaani. Mara nyingi ilikuwa matarajio.

Dakika inayosimama

Jukwaa lenyewe lilikuwa limekwisha kumwandalia mchoraji kazi yake. Katika kabuki, hisia zinapofika kileleni mwigizaji hukatiza mwendo, huzungusha kichwa, hukaza macho na kubaki ameganda kwa muda, huku vipande vya mbao vikigongwa sakafuni kuashiria uzito wa tukio. Mkao huo huitwa mie. Kwa muda huo mchezo huwa picha, na watazamaji hulitaja kwa sauti jina la nyumba ya ukoo wa mwigizaji kumpongeza. Mchoraji wa chapa aliichukua dakika ambayo mwigizaji mwenyewe alikwisha kuitenga kutoka katika wakati.

Mfano ulio wazi ni Kanadehon Chūshingura, mchezo ulioonyeshwa kwanza na vikaragosi mjini Osaka mwaka 1748 na kuingia kabuki muda mfupi baadaye. Msingi wake ni tukio la kweli. Mwaka 1701 bwana mmoja aitwaye Asano alichomoa upanga ndani ya ngome ya Edo na kumjeruhi Kira, afisa wa itifaki. Asano aliamriwa kujiua siku hiyo hiyo. Samurai wake waliobaki bila bwana, maarufu kama 47, walimuua Kira mwanzoni mwa mwaka 1703, nao wakaamriwa kujiua. Kwa kuwa ilikatazwa kuigiza habari za koo za samurai wa zama hizo, watunzi waliisogeza hadithi hadi karne ya 14 na kubadili majina. Asano akawa Enya Hangan, na mkuu wa samurai wake akawa Ōboshi Yuranosuke. Hapakuwa na mtazamaji aliyedanganyika.

Katika tendo la nne Hangan ameketi juu ya mikeka iliyofunikwa kitambaa cheupe. Upanga mfupi uko mbele yake. Anauliza iwapo Yuranosuke amefika, naye anajibiwa kuwa bado. Anauliza tena. Wachoraji wa ukoo wa Utagawa, miongoni mwao Kunisada (1786–1865) na Kuniyoshi (1797–1861), waliuchora mchezo huu mara nyingi, tendo baada ya tendo. Kinachotia uzito katika picha za aina hii ni ile njia iliyoinuliwa ambayo hupita katikati ya watazamaji hadi jukwaani, kwa maana mnunuzi alijua kwamba Yuranosuke angeipita mbio na kufika ilhali bwana wake amekwisha kujichoma, akiwa na pumzi ya kutosha tu kumwachia upanga ule kama wasia. Mapokeo ya kumbi yalikataza watu kuingia au kutoka wakati wa onyesho hilo. Ukumbi mzima ulikaa matanga.

Tendo la sita lina uchungu wa aina nyingine. Kijana Hayano Kanpei, aliyekosa kuwa kando ya bwana wake siku ya mkasa, amejificha kijijini kwa wakwe zake. Usiku wa mvua alimpiga risasi mtu gizani akidhani ni nguruwe mwitu, akachukua fedha zilizokuwa kifuani pake ili azitoe kwa mpango wa kisasi. Baadaye anatambua kwamba fedha hizo zilikuwa za baba mkwe wake, aliyekuwa amemuuza Okaru, mke wa Kanpei, katika danguro kwa ridhaa ya binti mwenyewe, ili Kanpei apate kurejesha heshima yake. Kanpei anaamini amemuua mkwewe. Anajichoma tumboni, na ndipo maiti inapokaguliwa na jeraha kuonekana ni la upanga, si la risasi. Muuaji halisi alikuwa jambazi, na huyo jambazi ndiye Kanpei aliyempiga risasi. Bila kujua alikuwa amelipa kisasi cha mkwewe. Anaruhusiwa kutia alama ya damu yake katika orodha ya wenye kiapo, kisha anakufa. Mtazamaji alikuwa na habari ambayo Kanpei hakuwa nayo, na mwenye kuitazama picha nyumbani kwake aliijua tangu mwanzo. Ujuzi huo usioweza kumwokoa mhusika ndio unaoifanya picha iume.

Wazazi na watoto

Katika mchezo wa mwaka 1746 kuhusu mwanazuoni Sugawara no Michizane, lipo onyesho linalotokea katika shule ya kijijini. Mwalimu Genzō amemficha mtoto wa Sugawara, na maadui wanakitaka kichwa cha mtoto huyo. Siku hiyo hiyo mwanafunzi mpya ameletwa na mama yake. Genzō anamuua mgeni huyo mahali pa mtoto aliyemficha. Matsuōmaru, mtumishi wa adui, anafika kukikagua kichwa, anafungua sanduku na kuthibitisha kuwa ndicho. Baadaye anarudi na kukiri kwamba mtoto aliyeuawa ni mwanawe wa kumzaa, aliyemleta kwa makusudi ili alipe deni la hisani kwa Sugawara. Michoro mingi ya onyesho hili humwonyesha Matsuō akiwa na sanduku mbele yake, katika vazi lililopambwa misonobari iliyoelemewa na theluji. Kichwa huweza kufichwa. Msiba wote umo katika uso wa baba ambaye, mbele ya mashahidi, haruhusiwi kuonyesha kwamba ni baba.

Jambo kama hilo limo katika mchezo wa mwaka 1751 kuhusu jemadari Kumagai, aliyemtoa mwanawe Kojirō afe mahali pa kijana Atsumori wa ukoo wa adui. Mkao maarufu wa Kumagai, ambao umechapwa mara nyingi, ni ule anapokishika kibao cha amri kinachokataza watu kukata tawi la mti wa mcheri. Amri hiyo ilikuwa na fumbo lililomwelekeza afanye alichokifanya. Mwishowe Kumagai hunyoa nywele, huvaa joho la utawa na kuondoka.

Aliyefikisha mbali zaidi uchunguzi wa uso alikuwa Tōshūsai Sharaku. Mwaka 1794 mchapishaji Tsutaya Jūzaburō alitoa kwa mkupuo picha zake 28 za waigizaji kuanzia kifuani kwenda juu, mandhari ya nyuma ikiwa imepakwa unga wa ulanga unaometa gizani. Katika muda wa miezi kumi hivi Sharaku alitoa picha zaidi ya 140, kisha akatoweka katika fani. Mojawapo ya picha hizo 28 ni ya Ichikawa Ebizō akiwa Takemura Sadanoshin, baba anayejiua ili kufuta aibu ya binti yake. Ebizō alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Sharaku hakuificha mikunjo ya ngozi wala ukubwa wa pua. Mikono imefumbatwa, macho yametoka, mdomo umefungwa. Mtu anayetazama huona nyuso mbili kwa wakati mmoja: ya baba aliyekata shauri, na ya mwigizaji mzee aliyezifahamu nafasi kama hizo kwa maisha yake yote.

Mkono wa serikali

Utawala wa Tokugawa ulizitazama kumbi na picha kwa jicho la mashaka. Mwaka 1723 ulipiga marufuku michezo kuhusu wapendanao wanaokufa pamoja, kwa hofu kwamba vijana waliiga walichokiona. Mchezo wa Sonezaki ukapotea katika kabuki, na kufufuliwa kwake kwa mafanikio kulingoja hadi mwaka 1953. Kuanzia mwaka 1790 kila picha ilitakiwa kuwa na muhuri wa ukaguzi kabla ya kuuzwa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1842, wakati wa mageuzi ya Tenpō. Picha za waigizaji na za makahaba zilikatazwa moja kwa moja, idadi ya rangi na bei zikawekewa mipaka. Kumbi zilihamishiwa pembezoni mwa mji, karibu na Asakusa. Mwigizaji mashuhuri kuliko wote, Ichikawa Danjūrō wa saba, alifukuzwa Edo kwa kosa la anasa. Kuniyoshi alijibu kwa hila. Miaka michache baadaye alichapisha michoro iliyofanana na ile ambayo watoto huikwaruza kwa msumari ukutani mwa ghala. Ilikuwa michoro ya ovyo kwa mtazamo wa mkaguzi, lakini kila mkwaruzo ulikuwa uso wa mwigizaji anayejulikana. Watu walizitambua sura hizo papo hapo. Tukio hilo linadhihirisha kwamba jamii iliyozoea kuomboleza na kushangilia pamoja haihitaji kuandikiwa majina.

Mizuka na damu

Haitakuwa haki kudai kwamba picha zote zilijizuia. Mwaka 1825 Tsuruya Nanboku wa nne alionyesha katika ukumbi wa Nakamura-za mchezo wa mzuka wa Yotsuya, uliochezwa sambamba na Chūshingura kwa siku mbili. Mpango huo ulikuwa na maana nzito. Iemon, mhusika wake mkuu, ni samurai aliyetoka katika nyumba ile ile ya Enya Hangan, lakini yeye hana uaminifu kwa bwana wala kwa mke. Jirani anayemtaka Iemon kwa ajili ya mjukuu wake anampelekea Oiwa, mke wa Iemon aliyetoka kujifungua, sumu kwa jina la dawa. Uso wa Oiwa unaharibika. Anaonyeshwa kioo, anachana nywele zake, nazo zinang'oka pamoja na damu. Baada ya kufa anarudi kumwandama mumewe, na katika tukio moja uso wake hujitokeza ndani ya kandili ya karatasi iliyochanika. Katsushika Hokusai aliichora sura hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1830, na wachoraji wa Edo na Osaka waliirudia katika picha za waigizaji. Nyingine zilibandikwa kipande cha karatasi cha kufunua, ili mtazamaji mwenyewe abadilishe mhusika mmoja kuwa mwingine, kama mwigizaji alivyobadilika jukwaani.

Mwishoni mwa utawala wa Tokugawa hali ilizidi kuwa kali. Kati ya mwaka 1866 na 1867 Tsukioka Yoshitoshi (1839–1892) na Utagawa Yoshiiku walitoa mfululizo wa picha 28 za mauaji, nyingi zikitokana na maonyesho ya kabuki. Damu ilichanganywa na gundi ili ing'ae kama iliyomwagika sasa hivi. Picha hizo zina ustadi usiopingika, na zilitolewa katika miaka ya vurugu iliyotangulia kuanguka kwa serikali mwaka 1868. Hata hivyo, zikiwekwa kando ya Matsuō mbele ya sanduku lake, tofauti huonekana. Damu humshtua mtazamaji na kumfanya shahidi wa tendo. Uso wa mtu anayejua humfanya mfiwa.

Mwigizaji anapokufa

Zilikuwapo pia picha zilizoitwa shini-e, yaani picha za mauti. Mwigizaji mpendwa alipofariki, wachapishaji walikimbilia vibao. Picha ilimwonyesha marehemu kwa kawaida katika vazi rasmi la buluu hafifu, pengine akiwa na tasbihi mkononi. Pembeni paliandikwa jina lake la jukwaani, jina la Kibudha alilopewa baada ya kufa, umri, tarehe ya kifo na hekalu alikozikwa, na mara nyingi shairi la kuaga. Nyingi hazikuwa na sahihi ya mchoraji wala muhuri wa ukaguzi, kwa sababu ya haraka. Kwa msomaji wa Kiswahili hapana istilahi inayofaa zaidi: hizo zilikuwa tanzia.

Kisa kilichoitikisa Edo ni cha Ichikawa Danjūrō wa nane, mwana wa yule aliyefukuzwa mwaka 1842. Alizaliwa mwaka 1823, akarithi jina kuu la ukoo angali mtoto, na katika miaka baba yake alipokuwa uhamishoni alibeba mzigo wa familia na ukumbi. Uzuri wake ulimfanya kipenzi cha wanawake wa mji. Mwaka 1853 alivuma katika nafasi ya Yosaburō, kijana mwenye makovu mwili mzima anayekutana tena na mwanamke aliyedhani amekufa. Mwaka uliofuata alikwenda Osaka kuigiza, alikokuwa baba yake, na huko akajiua katika nyumba ya wageni akiwa na umri wa miaka 32 kwa hesabu ya Kijapani. Sababu haikupata kuelezwa kwa uhakika.

Zaidi ya michoro 200 tofauti ya kifo chake ilichapishwa. Baadhi humwonyesha akiwa amelala huku amezungukwa na wanawake wa rika zote wanaolia, kwa mpangilio ulioigwa kutoka picha za kidini za Buddha anapoingia nirvana. Mzaha na uchungu vimo humo pamoja, kama ilivyo katika matanga mengi duniani. Jambo la kuzingatia ni kwamba mbinu zote zilizotumiwa kuwachora Hangan na Kanpei, yaani uso unaotambulika, nembo ya ukoo, mkao uliotulia na maneno machache pembeni, sasa zilitumika kwa mtu halisi. Mwigizaji aliyekufa mara nyingi jukwaani na kuinuka alikuwa amekufa bila kuinuka, na watu walinunua karatasi ile ile kutoka maduka yale yale. Mpaka kati ya tanzia ya mchezo na tanzia ya msiba ulifutika.

Hitimisho

Baada ya mwaka 1868 picha hizi ziliendelea kwa muda. Toyohara Kunichika (1835–1900) aliwachora waigizaji wa zama mpya hadi mwisho wa karne, huku kamera ikichukua wateja wake, na Natori Shunsen (1886–1960) aliufufua uchoraji wa nyuso kwa wakusanyaji wa karne ya 20. Leo Jumba la Makumbusho ya Tamthilia la Chuo Kikuu cha Waseda mjini Tokyo linahifadhi zaidi ya picha 40,000 za aina hii. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1928 kwa heshima ya Tsubouchi Shōyō, aliyekamilisha kuzitafsiri kwa Kijapani tamthilia za Shakespeare, mtunzi ambaye Mwalimu Julius Nyerere naye aliziingiza tamthilia zake mbili katika Kiswahili. Kabuki yenyewe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kiutamaduni usioshikika mwaka 2008.

Mafunzo ya sanaa hii kwa uhakiki wa tanzia ni mawili. Kwanza, tanzia haitegemei mshangao. Mnunuzi wa picha ya Hangan aliujua mwisho kama mtazamaji wa Kinjeketile anavyojua, kabla pazia halijafunguliwa, kwamba maji hayatazuia risasi. Huzuni hutokana na kuijua habari na kutoweza kuifikisha kwa yule anayeihitaji. Pili, tanzia ni tendo la jamii. Karatasi nyepesi, iliyouzwa kwa bei ya mlo mmoja, iliutoa msiba ukumbini na kuuingiza majumbani, ikampa karani na mtumishi haki ya kukaa na wafiwa. Kiswahili kilipolichukua neno la msiba na kulipa tamthilia, hakikukosea. Kilihifadhi katika neno moja jambo ambalo wachapishaji wa Edo walilifahamu kwa njia ya biashara yao: kwamba anayetazama mchezo wa huzuni ameitwa, kama anavyoitwa mtu kwenye msiba, naye akiisha kuisikia habari hawezi tena kujihesabu kuwa ni mpita njia.